Arthur Wharton: kipa kutoka Accra aliyezikwa bila jiwe la kaburi

Wapenzi wa Chelsea wanaotusikiliza wanalijua jina la Stamford Bridge. Lakini kabla klabu ya Chelsea haijaanzishwa mwaka 1905, uwanja huo wa London ulikuwa wa riadha. Mwezi Julai 1886, katika mashindano ya taifa ya Uingereza, kijana mmoja mzaliwa wa Accra alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za yadi 100, yaani zaidi kidogo ya mita 91. Alimaliza kwa sekunde 10 kamili. Haikuwahi kutokea katika mashindano yale mtu kukimbia kwa muda huo, na ulihesabiwa kuwa sawa na kasi kubwa kuliko zote duniani wakati ule.

Jina lake ni Arthur Wharton. Wakati anashinda mbio hizo, alikuwa pia golikipa. Miaka mitatu baadaye akawa mchezaji wa kulipwa, na ndiye anayetambulika leo kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kuifanya kandanda kuwa kazi ya mshahara. Baadhi yenu mmetuandikia mkiuliza ni Mwafrika gani alitangulia kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Wengi hudhani ni wa miaka ya karibuni. Wharton alikuwa langoni kabla Uingereza haijaanza kuwa na ligi.

Mtoto wa mchungaji

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 huko Accra, katika nchi ambayo Waingereza waliiita Gold Coast na ambayo tangu 1957 ni Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alitoka kisiwa cha Grenada katika Karibea. Alikuwa mchanganyiko wa damu ya Kiafrika na ya Kiskoti, na alivuka bahari kuja Afrika Magharibi akiwa mmishonari wa Kanisa la Methodisti. Mama yake, Annie Florence Egyiriba, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante, watu wa pwani ya Ghana. Kwa hiyo mtoto huyu hakuzaliwa katika shida. Upande mmoja kulikuwa na kanisa na kitabu, upande wa pili kulikuwa na heshima ya ukoo.

Baba alifariki Arthur akiwa bado mtoto. Nia ya familia ilikuwa afuate nyayo zake, awe mmishonari. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka kama 17, alikwenda Uingereza kusoma kwa lengo hilo. Hatimaye akafika chuo cha Cleveland mjini Darlington, kaskazini mashariki mwa nchi.

Ni huko Darlington ndiko mipango ilikobadilika. Vyuo vya Uingereza vya wakati ule viliamini kwamba kijana wa heshima lazima acheze, na Wharton alipoanza kucheza hakukuwa na mchezo uliomshinda. Alikimbia, akacheza kriketi, akaendesha baiskeli kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1887 aliweka rekodi ya muda kati ya miji ya Preston na Blackburn kwa baiskeli. Na alipoingia langoni kuichezea klabu ya Darlington, watu wa mji walianza kwenda uwanjani kumtazama kipa badala ya washambuliaji. Masomo ya dini yakabaki nyuma. Hakurudi kuishi Gold Coast. Nchi aliyokwenda kusoma ikawa ndiyo nchi yake mpaka kifo.

Ridhaa na mshahara

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu bila kuelewa jambo hili maisha ya Wharton hayaeleweki.

Uingereza ya miaka ile iligawa wanamichezo katika makundi mawili. Wa kwanza ni wachezaji wa ridhaa, ambao hawakulipwa. Wengi wao walikuwa watoto wa matajiri, wasomi, makarani wenye kazi zao, watu wasiohitaji fedha ya uwanjani ili wale. Wa pili ni wa kulipwa, na hao walitazamwa kama vibarua. Mkimbiaji aliyepokea fedha hata mara moja alifungiwa mlango wa mashindano ya taifa kama yale ya Stamford Bridge. Alipoteza pia kitu kingine kisichoandikwa kwenye karatasi: aliacha kuitwa muungwana.

Kandanda nayo ilikuwa katikati ya ugomvi huohuo. Klabu za miji ya viwanda vya nguo kaskazini zilikuwa zikiwalipa wachezaji kwa siri, nyingine zikiwapa kazi za jina tu viwandani. Kiongozi wa Preston North End, William Sudell, alisema wazi mwaka 1884 kwamba klabu yake inalipa, na shirikisho likaja juu. Baada ya mvutano mkubwa, mwezi Julai 1885 malipo yakaruhusiwa rasmi.

Ni Preston hiyohiyo iliyomchukua Wharton kutoka Darlington mwaka 1886. Alikwenda kama mchezaji wa ridhaa, kwa sababu bado alitaka kukimbia, na kweli mwaka 1887 alitetea ubingwa wake wa yadi 100. Preston wakati ule ilikuwa timu ya kuogopwa, ikijulikana kwa jina la Wasioshindika. Mwezi Machi 1887 Wharton alikuwa langoni katika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya West Bromwich Albion. Preston ilifungwa mabao 3 kwa 1.

Magazeti mengine yalitaja kwamba anastahili kufikiriwa kwa timu ya taifa ya Uingereza. Hakuitwa. Mwandishi mmoja wa gazeti la michezo mwaka huohuo wa 1887 alimkejeli kwa rangi yake na kwa utani wake langoni, akidai kwamba kichwa chake ni kizito kuelewa kwamba langoni si mahali pa mizaha. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya makala za siku hizi husimulia maisha yake kana kwamba alipokelewa kwa vigelegele tu. Vigelegele vilikuwapo, na vilikuwa vingi. Matusi pia yalikuwapo, tena yaliandikwa na kuchapishwa.

Kipa wa zama zile

Mizaha yenyewe ilikuwa ipi? Wharton alikuwa na tabia ya kuchuchumaa kando ya mlingoti, kama mtu asiyehusika na mechi, mpaka mshambuliaji anapopiga. Hapo ndipo aliporuka. Kwa miguu iliyokimbia yadi 100 kwa sekunde 10, alikuwa na uwezo wa kuchelewa kuanza na bado akauwahi mpira.

Mwaka 1942, zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, shabiki mmoja mzee aliliandikia gazeti la Sheffield kukumbuka mechi aliyoiona ujanani. Alieleza jinsi Wharton alivyoruka, akaushika mtambaa wa panya kwa mikono, akaudaka mpira kwa miguu, huku washambuliaji watatu waliokuja kwa kasi wakipitiliza na kuanguka wavuni. Huenda mzee aliongeza chumvi kidogo, maana mashabiki ni wale wale popote. Lakini nusu karne ilikuwa imepita na bado alikuwa anaona tukio hilo machoni.

Msikilizaji wa leo asidhani kwamba kazi ya kipa ilikuwa kama hii tunayoiona sasa. Hadi mwaka 1912 kipa aliruhusiwa kuushika mpira popote ndani ya nusu yake ya uwanja. Inasikika kama upendeleo, lakini kulikuwa na gharama. Katika miaka ambayo Wharton alianza kucheza, mshambuliaji aliruhusiwa kumvamia kipa kwa bega na kumwangusha, hata kama kipa hana mpira mkononi. Timu nyingine zilimpa mchezaji mmoja kazi hiyo tu: kumtoa kipa kwenye njia wakati mwenzake anapiga. Sheria ya kumlinda ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nyavu za goli na mkwaju wa penalti vilianza 1891. Kipa hakuwa na jezi ya rangi tofauti. Alivaa kama wenzake.

Ndiyo maana makipa wengi wa zama zile hawakuthubutu kudaka na kukumbatia mpira. Waliupiga ngumi au wakaupiga teke haraka, wakakaa tayari kwa kishindo kinachofuata. Ngumi ya Wharton ilisifika. Iliupeleka mpira mbali, na mara nyingine, kwa mujibu wa waliomwona, iliukosa mpira ikampata mtu.

Katika viwanja vyetu vya vijijini, kipa mara nyingi ni yule mtoto aliyekosa namba mbele, au yule anayechoka kukimbia. Wharton alikuwa mtu mwenye kasi kuliko wote waliokuwa uwanjani, pengine kuliko wote waliokuwa nchini, na alichagua kusimama langoni.

Aliondoka mapema

Mwaka 1888 Wharton aliiacha Preston ili azingatie riadha. Mwaka huohuo klabu 12 zilianzisha ligi ya kandanda ya Uingereza, ambayo ndiyo mama wa ligi zote tunazozifuatilia leo. Preston ilicheza mechi 22 za ligi hiyo ya kwanza, ikashinda 18 na kutoka sare 4. Haikupoteza hata moja. Ikachukua na Kombe la FA bila kufungwa bao hata moja katika mashindano yote. Makipa waliolinda lango msimu huo walikuwa James Trainer na Robert Mills-Roberts, wote kutoka Wales. Majina yao yamo katika kumbukumbu za mabingwa. Jina la Wharton halimo.

Hatuoni sababu ya kumlaumu kwa uamuzi ule. Mwaka 1888 hakuna aliyejua kama ligi ingeishi hata misimu miwili. Mbio za kulipwa zilikuwa na fedha ya kuonekana, hasa katika mji wa Sheffield, ambako maelfu ya watu walikusanyika kuwatazama wakimbiaji na kuweka dau. Mtu aliyekimbia sekunde 10 alikuwa na kila sababu ya kuifuata fedha hiyo. Ila mara alipoipokea, ule mlango wa ridhaa tulioueleza ulifungwa nyuma yake. Ubingwa wa taifa haukuwa wake tena kugombea.

Mwaka 1889 alirudi langoni, safari hii kwa mkataba wa malipo, katika klabu ya Rotherham Town. Hapa ndipo historia inapomweka kama mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa. Ni vizuri kuweka jambo moja sawa: hakuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza kandanda ya juu. Andrew Watson, aliyezaliwa Guyana, alikuwa tayari ameiongoza timu ya taifa ya Scotland kama nahodha mwaka 1881 na kuifunga Uingereza mabao 6 kwa 1. Watson anahesabiwa katika wachezaji wa ridhaa, na alikuwa mtu mwenye mali. Kilichomtofautisha Wharton ni mkataba. Yeye aliishi kwa jasho la lango.

Rotherham ulikuwa mji wa chuma na makaa ya mawe, na Wharton aliufanya kuwa nyumbani. Mwaka 1890 alimwoa Emma Lister, mwanamke wa huko. Kama wachezaji wengi wa wakati ule, alisimamia pia baa, maana mshahara wa mpira peke yake haukumtosha mtu mwenye nyumba, na wenye biashara ya pombe walipenda jina linalovuta wateja. Kazi hiyo ilimletea kipato, lakini pombe yenyewe ilikuja kumwandama miaka ya baadaye. Rotherham Town nayo ilipanda, na mwaka 1893 ikaingia daraja la pili la ligi, Wharton akiwa kipa wake.

Nyuma ya Foulke

Mwaka 1894 Sheffield United, klabu ya daraja la kwanza, ilimsajili. Mwaka huohuo ilimsajili kipa mwingine, kijana wa miaka 20 aliyeitwa William Foulke. Foulke alikuwa jitu. Katika kilele chake alizidi kilo 130, na mashabiki walimwita Bonge. Usicheke: alikuwa kipa hodari kweli, akaisaidia Sheffield United kuwa bingwa wa ligi mwaka 1898, akaitwa timu ya taifa, na baadaye akawa kipa wa kwanza wa Chelsea, kwenye uwanja uleule ambao Wharton aliwahi kuwa bingwa wa mbio.

Wharton alikuwa anakaribia miaka 30. Akakaa benchi, kwa lugha ya sasa. Msimu mzima wa 1894 hadi 1895 alicheza mechi tatu tu, na kati ya hizo ni moja iliyokuwa ya ligi daraja la kwanza, dhidi ya Sunderland, mwezi Februari 1895. Sheffield United ilifungwa. Mechi hiyo moja ndiyo inayomfanya awe mchezaji mweusi wa kwanza katika daraja la juu la ligi ya Uingereza. Siku hiyo hakuna aliyeihesabu hivyo.

Baada ya hapo njia ilishuka. Alikwenda Stalybridge Rovers, akaenda Ashton North End mwaka 1897, na klabu hiyo ilipofilisika mwaka 1899 akarudi Stalybridge. Zilikuwa klabu ndogo za miji ya viwanda vya pamba karibu na Manchester. Herbert Chapman, ambaye miaka mingi baadaye aliijenga Arsenal kuwa timu kubwa, alipita katika klabu hizo zote mbili akiwa kijana, katika miaka hiyohiyo. Wharton alimaliza na Stockport County katika daraja la pili, mwaka 1902. Alikuwa na miaka 36. Mwaka mmoja kabla, wakuu wa kandanda ya Uingereza walikuwa wameweka kiwango cha juu cha mshahara wa mchezaji kuwa pauni 4 kwa wiki, hata awe nyota kiasi gani. Hakukuwa na pensheni. Hakukuwa na bima. Ukiumia au ukizeeka, klabu ilikushukuru na kumwita mwingine.

Chini ya ardhi

Mtoto wa mchungaji, mjukuu wa ukoo wa kifalme, bingwa wa taifa wa mbio, akaenda kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe. Miaka yake ya mwisho aliitumia katika mgodi wa Yorkshire Main huko Edlington, karibu na Doncaster. Hakuwa mkata makaa. Kazi yake ilikuwa kuhamisha mabehewa yaliyojaa makaa katika njia za chini ya ardhi, kazi nzito na ya malipo ya chini kuliko ile ya waliochimba ukutani. Aliendelea kucheza kriketi na timu za maeneo hayo alipoweza.

Watu wanaosimulia habari zake hupenda kusema alianguka kwa sababu ya pombe. Ni kweli alikunywa, na kunywa kulimharibu. Lakini wachezaji weupe wengi wa kizazi chake, ambao hawakukimbia kama yeye wala kudaka kama yeye, waliishia pia migodini na viwandani, kwa sababu ndiko walikotoka na ndiko kazi zilikokuwa. Tofauti ni kwamba Wharton hakutoka huko. Alikuwa amesomeshwa ili asimame mimbarani. Alipochagua mshahara wa uwanjani, watu wa tabaka la baba yake hawakumhesabu tena kuwa mwenzao, na uwanja ulipommaliza hakukuwa na daraja la kumrudisha kwao.

Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, akiwa na miaka 65. Alizikwa Edlington katika kaburi la watu wasio na uwezo, bila jiwe na bila jina.

Kwa miaka 67 kaburi lilibaki hivyo. Katika miaka ya 1990 mtafiti Phil Vasili alianza kufukua kumbukumbu zake katika magazeti ya zamani, kazi iliyozaa kitabu mwaka 1998. Wakati huohuo kundi la Football Unites, Racism Divides la mjini Sheffield, linalopiga vita ubaguzi katika michezo, lilianza kuchangisha fedha. Mwaka 1997 kaburi likawekwa jiwe lenye jina la Arthur Wharton. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya heshima ya kandanda ya Uingereza. Mjini Darlington, alikoanzia, kampeni ya miaka mingi ilizaa sanamu ya shaba, na Oktoba 2014 sanamu hiyo ilizinduliwa St George's Park, kituo ambako timu za taifa za Uingereza hufanyia mazoezi. Inamwonyesha akiwa angani, mwili umenyooka, vidole vikiusukuma mpira uende juu ya mtambaa wa panya. Wachezaji wa timu ya taifa wanaoitwa kambini humkuta hapo.